Misemo ya Kikantoni: pa kuishika, na namna ya kuitumia mbele za watu

Wakantoni wana msemo wa mtu aliyekabidhiwa kazi asiyojua aishike wapi: 老鼠拉龜, lou5 syu2 laai1 gwai1, panya anamvuta kobe. Panya ana meno na ana nia, lakini kobe keshaingiza kichwa na miguu ndani ya gamba, na gamba lenyewe limeviringana, halina pa kung'ata. Ndivyo nilivyokuwa miezi yangu ya mwanzo Guangzhou, mji wa kusini mwa China ambako Kikantoni ndicho Kichina cha wenyeji. Nilijua kuhesabu, kuulizia bei na kumwelekeza dereva wa teksi. Lakini watu wakikaa kuzungumza wenyewe kwa wenyewe nilisikia kuku, bata, ngisi, paka mfu na uji, na sikuelewa kwa nini watu wazima wazungumzie kitoweo saa nzima huku wakicheka mpaka machozi.

Mwongozo huu ni kwa Mswahili aliyeanza Kikantoni, hata kama anachojua bado ni kidogo. Sitakupa orodha ya misemo mia ya kukariri. Nimeona wenzangu wakikariri orodha, halafu wanautupa msemo mzuri mahali pabaya na mazungumzo yanakatika. Nitakuonyesha pa kumshika kobe.

Hatua ya 1: Hakikisha uliye naye ni msemaji wa Kikantoni

Wengi hulipuuza hili. Guangzhou ni mji wa Kikantoni tangu zamani, lakini katika mitaa ambayo sisi Waafrika tunalala na kufanya biashara, kama Xiaobei na Sanyuanli, wenye maduka wengi wametoka mikoa mingine na lugha yao ya kazi ni Kimandarini, Kichina cha taifa zima. Ukimwambia mtu wa Hunan habari ya panya na kobe kwa Kikantoni atakutazama tu. Wasemaji wenyewe utawapata sokoni kwenye mboga na samaki, kwa mafundi wazee, kwa wenye nyumba, na hasa kwenye mikahawa ya chai asubuhi. Hong Kong na Macau ni rahisi zaidi, maana huko Kikantoni ndicho kinachosemwa kila mahali.

Kuna kipimo cha haraka. Msikilize mtu anavyoshukuru. Msemaji wa Kikantoni ana shukrani mbili: ukimpisha mlangoni husema 唔該, m4 goi1, ukimpa zawadi husema 多謝, do1 ze6. Wa Kimandarini hutumia neno moja kwa yote. Ukishasikia m4 goi1, umefika.

Hatua ya 2: Mdomo ujue wimbo kabla kichwa hakijajua maana

Zile namba nilizoweka mwisho wa kila silabi ni za Jyutping, mfumo wa kuandika Kikantoni kwa herufi za Kilatini uliotolewa na chama cha wanaisimu wa Hong Kong mwaka 1993. Jifunze huo kwanza. Kila namba ni kiimbo: 1 ni juu na imenyooka, 2 inapanda kwenda juu, 3 iko katikati, 4 inashuka chini, 5 inapanda kidogo kutoka chini, 6 iko chini na imenyooka. Silabi moja, "si", hubadilika kuwa shairi (si1), historia (si2), kujaribu (si3), wakati (si4), soko (si5) au jambo (si6).

Sisi Waswahili tuna tabia ya kukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho. Tabia hiyo iache nyumbani, maana itakuharibia msemo mzima. Mfano wa mfanyabiashara: kununua ni 買, maai5, na kuuza ni 賣, maai6. Tofauti ni kiimbo peke yake. Sasa chukua msemo 賣豬仔, maai6 zyu1 zai2, kuuza vitoto vya nguruwe. Maana yake ni kumgeuka mtu aliyekuamini, ukamtoa kwa wengine kwa faida yako. Unatokana na karne ya 19, ambapo watu wa Guangdong walirubuniwa au kutekwa wakapakiwa melini kwenda kufanya kazi Cuba na Peru, na walioondoka hivyo waliitwa vitoto vya nguruwe. Ni msemo wenye machozi ndani yake. Ukikosea kiimbo ukasema maai5, umezungumzia mtu aliyekwenda kununua nguruwe, na uchungu wote umepotea.

Zoezi langu lilikuwa hili: nauimba msemo mdomo ukiwa umefumbwa, sauti tupu bila maneno, mpaka wimbo wake ukae. Kisha ndiyo naweka silabi. Jirekodi kwa simu, weka sauti yako kando ya sauti ya msemaji, sikiliza zote mbili mfululizo. Dakika kumi kila siku zinatosha.

Hatua ya 3: Anza na funguo mbili ulizozaliwa nazo

Hapa ndipo penye utamu, na hakuna kitabu kilichoniambia. Kiswahili kina kitenzi piga, ambacho hakihusiki na kipigo hata kidogo tunaposema piga simu, piga miayo, piga chafya, piga kazi. Kikantoni kina 打, daa2, ambayo nayo maana yake ya kwanza ni kupiga. Tazama: 打電話, daa2 din6 waa2, piga simu. 打喊露, daa2 haam3 lou6, piga miayo. 打乞嗤, daa2 hat1 ci1, piga chafya. 打字, daa2 zi6, piga chapa. 打工, daa2 gung1, piga kazi, yaani kazi ya kuajiriwa. Siku nilipogundua hili nilikaa kitandani nikaandika ukurasa mzima bila kufungua kamusi.

Kutoka hapo unaingia kwenye misemo yenyewe. 打斧頭, daa2 fu2 tau2, kupiga shoka, ni kutumwa ununue kitu halafu ukabana kiasi fulani cha fedha mfukoni mwako. Nani asiyejua cha juu? Na Mtanzania akisikia neno upigaji hahitaji maelezo zaidi. 打邊爐, daa2 bin1 lou4, kupiga kando ya jiko, ni kula chakula cha sufuria inayochemka katikati ya meza, kila mtu akitumbukiza nyama na mboga zake.

Ufunguo wa pili ni kula. Sisi tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara. Wao wana 食, sik6, na wanakula mambo ya ajabu kutuzidi.

食死貓, sik6 sei2 maau1, kula paka mfu: kubeba lawama ya kosa ambalo hukulitenda. Kwetu ni kuangushiwa jumba bovu.

食白果, sik6 baak6 gwo2, kula kokwa za mti wa ginkgo: kutoka kapa. Wenye maduka husema jioni ambayo mteja hakuingia: gam1 jat6 jau6 sik6 baak6 gwo2, leo tena nimetoka kapa.

食檸檬, sik6 ning4 mung1, kula limau: kumtongoza mtu akakutosa.

食西北風, sik6 sai1 bak1 fung1, kula upepo wa kaskazini-magharibi: kukosa kipato, kulala njaa.

食軟飯, sik6 jyun5 faan6, kula wali laini: mwanamume kulelewa na mwanamke. Bongo tunamwita marioo. Ni neno zito, usimwambie mtu usoni.

Funguo hizi mbili zina hatari yake, na nazungumza waziwazi ili usiumbuke. Kumwahidi mtu mkutane halafu usitokee ni 放飛機, fong3 fei1 gei1, kurusha ndege. Mswahili kwa mazoea yake ya piga anaweza kuteleza akaweka daa2 mahali pa fong3. Usifanye hivyo kamwe. Kwa daa2 msemo huo unageuka kuwa lugha chafu ya mtu kujichua, na umeusema mbele ya wateja. Vilevile ndizi. Ukimkaribisha mtu ndizi tumia neno kamili, 香蕉, hoeng1 ziu1. Ukilifupisha ukasema 食蕉, sik6 ziu1, umemtukana. Wenyeji watakusamehe wakijua wewe mgeni, lakini kabla ya kusamehe watanyamaza kwanza, na ukimya huo hausahauliki.

Hatua ya 4: Chukua sentensi nzima, usichukue msemo mkavu

Msemo ulioutoa kwenye orodha hauna mikono. Hujui nani anakaa wapi ndani yake. Tuchukue unaojulikana kuliko yote: 炒魷魚, caau2 jau4 jyu2, kukaanga ngisi, yaani kumfukuza mtu kazi. Kipande cha ngisi kikiingia kwenye mafuta ya moto hujikunja kama mkeka. Zamani mfanyakazi alilala kazini kwa godoro lake mwenyewe, na akifukuzwa alilikunja akaondoka nalo. Ukishaiona picha hiyo hutausahau. Mtanzania kamwaga unga, Mkenya kapigwa kalamu, Mkantoni kakaangwa ngisi.

Sasa unautumiaje? Tajiri amemfukuza: lou5 sai3 caau2 zo2 keoi5 jau4 jyu2. Sikiliza mpangilio: kitenzi caau2, alama ya jambo lililokwisha zo2, kisha keoi5, yeye, na mwisho ngisi. Anayefukuzwa ameingizwa katikati ya kitenzi na ngisi. Linaonekana geni mpaka ukumbuke kwamba sisi husema kanipiga chenga: mimi nimeingizwa tumboni mwa kitenzi na chenga imebaki nyuma. Vivyo hivyo keoi5 fong3 zo2 ngo5 fei1 gei1, amenirushia ndege, yaani ameingia mitini nami nikimsubiri.

Na aliyefukuzwa akijieleza mwenyewe? Ngo5 bei2 jan4 caau2 zo2 jau4 jyu2. Bei2 jan4 ni kutendwa na watu, na safari hii hakuna mtu wa kuingizwa katikati. Kwa hiyo kila msemo wa kitenzi na nomino uandike mara tatu kwenye daftari lako: nimemtenda, amenitenda, nimetendwa. Baadhi hukataa. Paka mfu, kwa mfano, hakai vizuri ukimwingiza mtu katikati. Wenyeji husema mtu amelazimishwa kumla, au amemla kwa niaba ya mwenzake. Mambo hayo huwezi kuyabuni, lazima uyasikie.

Hatua ya 5: Pima nani anamwambia nani

Mwanamke wa Pwani hafungi kanga bila kusoma jina lake, kwa sababu maandishi yale yanamfikia mtu. "Hasidi hana sababu" huivai kwenda kumtembelea wifi mliyepatana jana. Misemo ya Kikantoni itazame kwa jicho hilohilo.

Ipo ya maneno manne iliyotoka katika maandishi ya kale, wanaiita 成語, sing4 jyu5. Hii ni ya heshima na Wachina wa kila upande wanaielewa. 對牛彈琴, deoi3 ngau4 taan4 kam4, kumpigia ng'ombe kinanda, ni kumpigia mbuzi gitaa kwetu. Unaweza kuitumia hata kwenye mkutano, mradi ng'ombe mwenyewe hayupo chumbani.

Ipo ya jikoni na sebuleni, ambayo ndiyo nataka uitumie kwa wingi. 雞同鴨講, gai1 tung4 aap3 gong2, kuku anaongea na bata: watu wawili wanazungumza na hawaelewani. Huu ni salama kabisa kwa mgeni, na nakushauri uwe wa kwanza kuutumia. Mazungumzo yakikwama, cheka useme gai1 tung4 aap3 gong2, uso wa mwenzako utafunguka hapo hapo. 煲電話粥, bou1 din6 waa2 zuk1, kupika uji wa simu, ni kukaa kwenye simu saa nzima, maana uji wao wa mchele hauivi upesi. 騎牛搵馬, ke4 ngau4 wan2 maa5, kumpanda ng'ombe huku unatafuta farasi: kushikilia kazi uliyo nayo wakati unasaka iliyo bora.

Halafu ipo ya kumchoma mtu. 擦鞋, caat3 haai4, kupiga viatu rangi, ni kujipendekeza kwa mkubwa. Mfanyakazi atamteta mwenzake hivyo, lakini mgeni ukimwambia hivyo mtu uliyemjua jana umevuka mpaka.

Kuwa macho pia na picha inayofanana na ya lugha nyingine unayoijua. 水過鴨背, seoi2 gwo3 aap3 bui3, maji kwenye mgongo wa bata. Aliyesoma Kiingereza atadhani ni mtu asiyejali matusi. Kwa Wakantoni ni mwanafunzi anayefundishwa na hakibaki kitu: limeingia sikio hili limetokea lile. Mwalimu akikuambia hivyo hajakusifu.

Na kuna msemo mmoja wa kuagana ambao ulinigharimu Jumapili nzima. 得閒飲茶, dak1 haan4 jam2 caa4, ukipata nafasi tunywe chai. Aliniambia mwuza vifungashio niliyekuwa nikimpenda kwa ucheshi wake. Nikavaa vizuri, nikangoja simu, na simu haikulia. Nilihuzunika kweli, nikidhani nimedharauliwa. Baadaye nikafahamu kwamba ni namna ya kusema kwaheri kwa wema, kama sisi tunavyomwambia mtu "karibu sana nyumbani" tukiwa stendi. Mwaliko wa kweli una siku, una saa na una jina la mkahawa. Ukiambiwa dak1 haan4 jam2 caa4, jibu kwa furaha hou2 aa3, haya, ukaendelea na safari yako.

Hatua ya 6: Jifunze kusema nusu

Mtu akisema "haba na haba", nani kati yetu hajamalizia moyoni? Wakantoni wameifanya tabia hiyo kuwa sanaa yenye jina, 歇後語, hit3 hau6 jyu5, semi za kupumzika mwishoni. Msemaji hutoa picha, hunyamaza, na msikilizaji anajazia maana. Panya na kobe ni mmojawapo. Nusu yake ya pili ni 冇埞埋手, mou5 deng6 maai4 sau2, hakuna pa kutia mkono.

電燈膽, din6 dang1 daam2, balbu ya umeme. Nusu ya pili: 唔通氣, m4 tung1 hei3, haipitishi hewa. Ni mtu asiyesoma hali, anayekaa katikati ya wapenzi wawili bila kushtuka kwamba hatakiwi.

壽星公吊頸, sau6 sing1 gung1 diu3 geng2, mungu wa maisha marefu anajinyonga. Nusu ya pili: 嫌命長, jim4 meng6 coeng4, anaona uhai wake umezidi urefu. Anaambiwa mwenye pikipiki anayekatiza mbele ya lori. Sisi tungemwuliza: umechoka kuishi?

單料銅煲, daan1 liu2 tung4 bou1, sufuria ya shaba nyembamba. Nusu ya pili: 一滾就熟, jat1 gwan2 zau6 suk6, ikichemka tu imeiva. Hapa pana fundo zuri. Suk6 ni kuiva, na pia ni kuzoeana na mtu, na sisi tusioelewana husema hatuivi chungu kimoja. Kwa hiyo sufuria nyembamba ni mtu anayekuita ndugu yangu dakika tano baada ya kukutana. Si sifa.

Nyingi katika hizi husimama juu ya sauti inayobeba maana mbili, na ndiyo sababu tafsiri huziua. Mwaka 1970 Mao Zedong alimwambia mwandishi wa Kimarekani Edgar Snow kwamba yeye ni mtawa mwenye mwavuli. Mtawa wa Kibudha amenyolewa, hana nywele. Mwavuli umemfunika, hana mbingu. Na neno la nywele husikika kama la sheria. Maana yake: sina sheria, sina wa juu yangu. Nusu hiyo ya pili haikumfikia Snow, naye akaandika habari ya mtawa mpweke anayetembea duniani na mwavuli unaovuja. Kwa Kimandarini nywele na sheria zinatofautiana kiimbo. Kwa Kikantoni ni faat3 zote mbili, sauti ileile kabisa, na Wakantoni wanao msemo huo pia: 和尚擔遮, wo4 soeng2 daam1 ze1.

Upo mmoja unaotuhusu sisi, na ni heri uusome kwangu kuliko kuusikia ghafla mezani. 非洲和尚, fei1 zau1 wo4 soeng2, mtawa wa Afrika. Nusu ya pili ni hak1 jan4 zang1, mtawa mweusi, ambayo inakaribiana na 乞人憎, hat1 jan4 zang1, mwenye kuchukiza. Husemwa juu ya mtu yeyote msumbufu, na anayeusema mara nyingi anacheza na sauti bila kukuwazia wewe. Hata hivyo unauma. Nilipousikia mara ya kwanza, nilisema polepole kwa Kikantoni kwamba nimeelewa nusu zote mbili. Sikupandisha sauti. Aliyeusema alinimiminia chai kwa mikono miwili, na sijausikia tena kinywani mwake. Wewe usiutumie hata kwa mzaha. Lakini 黑鬼, hak1 gwai2, si msemo, ni tusi kwa mtu mweusi, na una haki ya kuinuka ukaondoka.

Hatua ya 7: Jua yasiyotajwa

Kwetu wapo wazee wasiotaja nyoka usiku, husema kamba. Wakantoni, hasa wenye biashara, hukwepa neno linalosikika kama balaa na kulibandika jina la heri. Tupu ni hung1, na hung1 pia ni balaa, kwa hiyo nyumba tupu inayopangishwa huitwa 吉屋, gat1 uk1, nyumba ya heri. Wenye mizigo zingatieni: kontena tupu ni 吉櫃, gat1 gwai6. Wakala akikutajia kontena la heri anakwambia halina kitu ndani.

Ulimi ni sit6, sawa na kula hasara, basi ulimi wa nguruwe buchani ni zyu1 lei6, na lei6 ni faida. Ini ni gon1, sawa na kukauka, na mfuko mkavu hautakiwi, basi huitwa zyu1 jeon2, lenye unyevu. Mwavuli kwa lugha ya vitabu ni saan3, sawa na kutawanyika, na wao husema ze1, kile kinachokinga. Kifo nacho hufunikwa: jau5 me1 dung1 gwaa1 dau6 fu6, likitokea lolote la boga na tofu, maana yake mtu akifa au akipatwa na baya. Msemo huu usiutumie hospitalini mbele ya mgonjwa. Usikie tu, uelewe kwamba mambo ni mazito.

Hatua ya 8: Funga mkia

Kikantoni humalizia sentensi kwa visilabi vinavyobeba moyo wa msemaji, na msemo usio na mkia huo husikika kama umesomwa kitabuni. Vipo vingi, anza na vitatu. Wo5 ni eti yetu: keoi5 waa6 m4 lei4 wo5, eti haji. Zaa3 ni tu, ya kupunguza ukubwa wa jambo. Lo1 ni ile hali ya "ndivyo hivyo, wajua mwenyewe", kwa hiyo sik6 baak6 gwo2 lo1 ni kutoka kapa na kukubali yaishe.

Hatua ya 9: Daftari, chai na masikio

Nilikuwa na daftari lenye mistari minne kwa kila msemo: maneno yenyewe kwa Jyutping, nani alisema, alimwambia nani, na nini kilikuwa kimetokea kabla. Tafsiri sikuiandika mpaka niusikie mara tatu kutoka kwa watu watatu tofauti. Kanuni hiyo niliishika sana, na ndiyo ninayokusihi uishike kuliko zote. Msemo niliousikia kwa mtu mmoja tu huenda ni wa nyumba yake, au wa kizazi chake, au wa ulevini. Ukisikika kwa watatu ni wa mji.

Nenda mkahawa wa chai mapema, saa moja au saa mbili asubuhi, wakati wazee wapo. Agiza buli la chai na vyombo viwili vya vitafunio vya mvuke, kaa meza ya kushirikiana. Ukimiminiwa chai gonga meza polepole kwa vidole viwili, ndiyo asante yenyewe. Sikiliza zaidi kuliko kusema. Nyumbani, thibitisha ulichokisikia kwenye words.hk, kamusi ya mtandaoni ambayo inaeleza Kikantoni kwa Kikantoni na ina mifano ya sentensi. Kwa anayekumbuka kwa macho: mwaka 2014 mchoraji wa Hong Kong anayejiita Ah To alichora picha moja yenye misemo 81, kila mmoja umechorwa kama maneno yake yanavyosema. Itafute, uchague kisehemu kimoja, umwulize mwenyeji. Utapata darasa la nusu saa bila malipo.

Kiasi? Misemo miwili kwa wiki, isizidi. Mmoja wa kuelewa tu, mmoja wa kutumia. Wa kutumia utumie siku hiyohiyo tukio lake likitokea, hata kama viimbo vinatetereka. Ukirekebishwa, rudia mbele ya aliyekurekebisha, sema m4 goi1, usijitetee.

Wangu wa kwanza kuutoa kinywani ulikuwa ule wa panya. Bibi mwenye nyumba niliyopanga, niliyemwita aa3 po4 kama wenzake wote, alinikuta chini kwenye ngazi na fomu za kuandikisha makazi, kurasa zimejaa maandishi, kalamu mkononi. Akauliza vipi. Nikasema lou5 syu2 laai1 gwai1, nikanyamaza hapo. Akatua mfuko wake wa mboga, akakaa kwenye kipandio cha chini yangu. "Mou5 deng6 maai4 sau2," akamalizia, kisha akanyoosha mkono nimpe ukurasa wa kwanza.